Michael Faraday, mzee wa kanisa ambaye hakuuza alichopewa



Jioni taa zinapowaka Bukavu, umeme wake hutoka kwenye mabwawa ya mto Ruzizi. Maji huzungusha mashine, ndani ya mashine sumaku na nyaya za shaba hupitana kwa mwendo, na umeme huzaliwa. Mtu aliyetangaza jambo hilo kwa ulimwengu alikuwa mzee wa kanisa dogo huko London. Jina lake ni Michael Faraday. Leo tutazame maisha yake tukiwa na swali moja mkononi: ni nani aliyelipa gharama ya kazi yake, na ni nani aliyeimiliki?

Swali hili si la Wazungu wa zamani tu. Watoto wetu wanasoma fizikia bila chombo hata kimoja cha kujaribia. Wengine husema serikali ndiyo ilipe. Wengine husema tungojee tajiri mwenye moyo mwema. Faraday alizijua njia zote mbili, na pia njia ya tatu ambayo mara nyingi tunaisahau.

Mkate wa wiki moja

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791, Newington, upande wa kusini wa London. Baba yake, James, alikuwa mhunzi mwenye afya mbaya, na siku nyingi hakuweza kusimama kwenye moto wa kazi yake. Mama yake, Margaret, alilea watoto wanne. Mwaka 1801 bei ya ngano ilipanda sana, na jamaa hiyo ikaishi kwa msaada uliotolewa kwa maskini. Michael, mtoto wa miaka tisa, alipewa mkate mmoja, naye alipaswa kuula kidogo kidogo mpaka wiki iishe.

Wazazi wake walikuwa watu wa kanisa la Wasandemani, kundi dogo lililotokana na mafundisho ya John Glas wa Scotland na mkwe wake Robert Sandeman. Kanisa hilo lilikataa kutegemezwa na serikali. Wazee wake hawakulipwa mshahara. Washiriki walikula pamoja siku ya Bwana, waliosha miguu wao kwa wao, na walichukua kwa uzito mafundisho ya Mathayo 6 juu ya hazina za duniani. Kujirundikia mali lilikuwa jambo la kuogopwa kati yao.

Shilingi ya ndugu yake

Shule ya Michael ilikuwa fupi: kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwaka 1804 alianza kutumwa na George Riebau, mwenye duka la vitabu. Mwaka uliofuata Riebau alimpokea afundishwe kazi ya kufunga vitabu kwa miaka saba. Kwa desturi mzazi alilipa ili mtoto wake afundishwe, lakini Riebau hakudai kitu, kwa sababu kijana alikuwa mwaminifu.

Vitabu vilivyoletwa kufungwa, yeye alivisoma. Alisoma habari za umeme katika ensaiklopidia, akasoma kitabu cha kemia cha Jane Marcet, na kwa senti zake chache akanunua vyombo vya majaribio madogo. Baadaye akasikia kwamba mtu mmoja anatoa mafundisho ya sayansi nyumbani kwake jioni. Kiingilio kilikuwa shilingi moja, naye hakuwa nayo. Kaka yake Robert, ambaye naye alikuwa mhunzi kama baba yao, ndiye aliyemlipia.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa Michael tiketi za kumsikiliza Humphry Davy, mwanakemia mashuhuri, katika Royal Institution. Michael aliandika yote aliyosikia, akachora michoro, akafunga kitabu kwa mikono yake na kumpelekea Davy. Kabla ya hapo alikuwa amemwandikia mkubwa wa chama cha wanasayansi cha Royal Society, na hakujibiwa. Davy alijibu. Mwezi wa Machi 1813 Faraday aliajiriwa kuwa msaidizi katika chumba cha majaribio, kwa shilingi 25 kwa wiki na vyumba viwili vya kulala ghorofani.

Nyumba ya matajiri

Royal Institution ilianzishwa mwaka 1799. Haikuwa ya serikali. Ilijengwa kwa feza za watu wenye mali, wengi wao wakiwa na mashamba makubwa, na iliishi kwa michango yao na viingilio vya wasikilizaji. Kwa hiyo mara nyingi ilikuwa karibu kuanguka. Faraday alifanya kazi humo karibu maisha yake yote. Mwaka 1825 alifanywa mkuu wa chumba cha majaribio. Mshahara wake ulikuwa paundi 100 kwa mwaka, pamoja na nyumba, makaa na mishumaa. Alipoitwa kufundisha katika chuo kikuu kipya cha London alikataa, akisema ana deni la shukrani kwa nyumba iliyomlea.

Mwaka 1821 alimwoa Sarah Barnard, binti wa mzee wa kanisa lake, na mwezi uliofuata akakiri imani yake mbele ya kusanyiko. Hawakupata mtoto. Lakini kila Krismasi mafundisho ya sayansi kwa vijana yalitolewa katika nyumba ile, na Faraday alisimama kufundisha katika misimu 19.

Tuseme pia jambo chungu. Mwaka 1833 tajiri John Fuller alitoa feza za kuanzisha kiti cha kemia, na Faraday akapewa kiti hicho kwa maisha yake yote, paundi 100 kwa mwaka. Fuller alikuwa na mashamba Jamaica, mashamba yaliyolimwa na Waafrika watumwa, na alipokuwa bungeni alitetea utumwa. Mwaka uleule wa 1833 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwaachilia watumwa. Kwa hiyo jasho la watu weusi limo katika feza zilizomtegemeza mtu huyu mwema. Hatuwezi kulifuta jambo hilo kwa kumsifu Faraday. Mkono wa tajiri unapofunguka, Mkristo ana haki ya kuuliza ulichukua wapi.

Kioo ambacho serikali ilikitaka

Serikali nayo ilitoa feza, na kwa sharti. Kuanzia mwaka 1825 Faraday aliwekwa katika kazi ya kutengeneza kioo bora kwa ajili ya darubini, na hazina ya taifa ililipa gharama. Aliifanya kwa miaka mingi, akachoka. Kioo kilichotarajiwa hakikupatikana kama walivyotaka. Katikati ya mwaka 1831 aliomba kuachiliwa.

Wiki chache baadaye, tarehe 29 Agosti 1831, alizungushia nyaya pande mbili za pete ya chuma, akapitisha umeme upande mmoja, na sindano ya upande wa pili ikatikisika. Mwezi wa Oktoba aliingiza sumaku katika koili ya waya, akaona kwamba mwendo wenyewe huzaa umeme. Hakuna aliyemwagiza kutafuta jambo hilo. Hakuna tajiri wala waziri ambaye angejua kuliagiza.

Lakini msikimbilie kusema kwamba feza za serikali zilipotea bure. Kipande cha kioo kizito kutoka kazi ile kilikaa rafuni. Mwaka 1845 Faraday alikitumia kuonyesha kwamba sumaku inaweza kubadilisha mwanga unaopita ndani ya kioo. Kilichoonekana hasara kilizaa tunda baada ya miaka kumi na minne. Mkulima wa kahawa anaelewa kungoja kwa namna hiyo. Mwanasiasa anayetaka matokeo kabla ya uchaguzi haelewi.

Njia panda

Wakati ule mafundi na wenye viwanda walimtafuta Faraday awapimie maji, madini na dawa zao. John Tyndall, aliyemfuata katika Royal Institution, alikagua vitabu vyake vya hesabu. Aliona kwamba mwaka 1830 kazi hizo zilimpa zaidi ya paundi 1,000, yaani mara kumi ya mshahara wake. Baada ya ugunduzi wa 1831 mapato hayo yalishuka haraka, kwa sababu Faraday mwenyewe alizikataa kazi hizo. Tyndall alipiga hesabu kwamba angeweza kukusanya paundi 150,000 katika maisha yake. Aliziacha, ili saa zake ziwe za utafiti.

Wala hakuomba cheti cha serikali cha kuumiliki ugunduzi wa umeme. Aliusoma mbele ya Royal Society mwezi wa Novemba 1831, akauchapisha, na kila mtu akawa huru kuutumia. Mwaka 1832, huko Paris, Hippolyte Pixii alikuwa tayari ametengeneza mashine ya kuzalisha umeme kwa kanuni ile. Wengine walitajirika baadaye. Yeye hakulalamika.

Mara moja alipobuni njia ya kutoa moshi wa taa nje ya nyumba, alimpa uvumbuzi huo kaka yake Robert, aliyekuwa na biashara ya taa. Robert ndiye aliyechukua cheti mwaka 1843. Ndipo nikaikumbuka ile shilingi.

Pensheni na minara ya taa

Mwaka 1835 serikali ilikusudia kumpa pensheni. Waziri mkuu, Lord Melbourne, alipokutana naye alizungumza kwa dharau juu ya kuwapa wasomi feza za taifa. Faraday, mtoto aliyekula mkate wa msaada, aliondoka, na siku ileile akaandika kwamba hataki pensheni hiyo. Habari zikaingia magazetini. Melbourne aliomba radhi, na kabla ya mwaka kwisha Faraday alikubali paundi 300 kwa mwaka. Hakukataa feza za umma. Alikataa kuzipokea kama mtu anayetupiwa mfupa.

Naye aliutumikia umma. Kuanzia mwaka 1836, kwa karibu miaka 30, alikuwa mshauri wa Trinity House, shirika linalosimamia minara ya taa inayoongoza meli zisigonge miamba. Gharama za minara hiyo zililipwa na ushuru wa meli zenyewe. Alipanda minara hiyo hata katika uzee wake, wakati wa baridi kali. Mwaka 1858 mnara wa South Foreland uliwashwa kwa umeme uliotoka kwenye mashine ya sumaku, naye akawa hai kuona ugunduzi wake ukiokoa mabaharia.

Mwaka 1844 mgodi wa makaa wa Haswell ulilipuka, wakafa wanaume na wavulana 95. Serikali ilimtuma Faraday pamoja na Charles Lyell kuchunguza. Waliandika juu ya gesi, na juu ya vumbi la makaa ambalo liliukuza moto. Sisi tunaoishi karibu na machimbo tunajua thamani ya mtu mwenye elimu anayeshuka kuuliza kwa nini watu wamekufa, bila kulipwa na mwenye mgodi.

Mwisho wake

Alikuwa mzee wa kanisa lake mara mbili, kuanzia 1840 hadi 1844, na tena kuanzia 1860 hadi 1864. Alihubiri, alitembelea wagonjwa, aliwapa maskini kwa siri. Mwaka 1844 kusanyiko lilimtenga kwa wiki kadhaa, naye alinyenyekea mpaka akarudishwa. Alipoombwa kuwa rais wa Royal Society alikataa. Alitaka kubaki Michael Faraday tu. Alikufa tarehe 25 Agosti 1867 katika nyumba ya Hampton Court ambayo malkia Victoria alimpa kukaa. Alizikwa Highgate bila fahari, kama alivyotaka.

Wapendwa, nimehesabu mifuko iliyomlisha mtu huyu: msaada wa maskini, wema wa Riebau, shilingi ya kaka, tiketi ya mteja, michango ya matajiri, mali ya mwenye watumwa, hazina ya taifa, ushuru wa meli. Hakuna mfuko mmoja uliotosha, na hakuna uliokuwa safi kabisa. Yeye alipokea bila kununuliwa. Alijua kwamba kanuni za uumbaji ni za Muumba, kwa hiyo alizitoa kama alivyozipokea, sawasawa na agizo la Bwana katika Mathayo 10:8.

Basi tusiache kudai haki yetu. Shaba na madini ya nchi yetu yanajaza mashine za dunia nzima, na ni halali kuwauliza viongozi wetu ni sehemu gani ya mapato hayo inafika katika vyuo na vyumba vya majaribio. Tajiri akitoa, tumshukuru, na tuulize pia. Lakini tukiwa tungali tunangoja hao wawili, kila kusanyiko linaweza kuanza na shilingi ya Robert. Tazameni katika kanisa lenu yule kijana anayefungua redio mbovu ili aone ndani. Mlipieni karo ya muhula mmoja, au mnunulieni kitabu. Msimwambie arudishe. Robert hakujua shilingi yake ingefika mpaka Ruzizi.