Edsger Dijkstra, mzee aliyetaka tuhesabu kuanzia sufuri

Kama unajifunza kuandika programu pale Bungoma au Kitale, kuna mzee wa Uholanzi unayefaa kumjua.

Edsger Dijkstra alizaliwa Rotterdam mwaka wa 1930. Alisomea fizikia, lakini kompyuta zikamteka. Alipofunga ndoa Amsterdam mwaka wa 1957, alitaja kazi yake kuwa kuandika programu. Maafisa wakakataa, eti hakuna kazi kama hiyo! Ikabidi aandikwe mwanafizikia. Kwa hivyo mzazi akikuuliza hiyo kompyuta ni kazi gani, usife moyo.

Mwaka wa 1959 alichapisha mbinu ya kutafuta njia fupi zaidi kati ya sehemu mbili. Mwaka wa 1972 akapata Tuzo ya Turing. Kisha 1982 akaandika kuhusu jambo linaloonekana dogo: tuhesabu vipi vitu vilivyopangwa kwa safu?

Chukua mfano wa nyumbani. Wabukusu hutahiri vijana wao miaka ya shufwa. Tuseme programu yako inaweka idadi ya watahiriwa wa kila msimu, 2010 hadi 2024. Safu ya kompyuta haijui miaka, inajua nafasi tu. Basi toa 2010 kwenye mwaka, halafu gawanya kwa 2. Msimu wa 2010 unakaa nafasi ya 0, wa 2012 nafasi ya 1, wa 2024 nafasi ya 7.

Nafasi ni ngapi? Ukisema 7, umewatupa nje vijana wote wa 2024. Dijkstra alishauri utaje mwanzo unaoingia na kikomo kisichoingia: kuanzia 2010, kabla ya 2026. Tofauti ni 16, gawanya kwa 2, unapata 8. Hakuna kubahatisha.

Katika lugha ya Haskell, ambayo programu zake hujengwa kwa fomula kama za hesabu, kanuni hiyo unaiandika mara moja tu. Baada ya hapo unaitisha data kwa mwaka wenyewe. Dijkstra aliithamini sana. Mwaka wa 2001 aliwaandikia wasimamizi wa Chuo Kikuu cha Texas, alikokuwa amefundisha, akiwasihi wasiibadilishe kwa Java katika masomo ya wanaoanza.

Alifariki Agosti 6, 2002. Nawe kabla ya kuandika safu yako, jiulize kwanza: mwanzo ni upi, na kikomo kinaingia au hakiingii?