Walker Evans na Kadi za Senti Moja

Walker Evans alizaliwa katika mji wa St. Louis, Marekani, tarehe 3 Novemba, 1903. Alikulia Kenilworth, kando ya Ziwa Michigan, kisha Toledo, karibu na Ziwa Erie. Siku hizo Wamarekani walizipenda mno kadi za posta zenye picha. Hata mji mdogo ulikuwa na kadi zake: barabara kuu, stesheni ya gari moshi, mnara wa taa, hoteli ya wageni wa majira ya joto. Bei yake ilikuwa ndogo, nyingine senti moja tu. Watu walizipeleka kwa jamaa zao, na nyingi zilipokwisha kusomwa zilitupwa. Evans, angali mtoto, alianza kuzikusanya.

Alipokuwa kijana alitaka kuwa mwandishi, akaenda Paris mwaka 1926. Hakufanikiwa. Mwaka uliofuata alirudi kwao, na baadaye akashika kamera. Mwaka 1936 aliwapiga picha wakulima maskini wa pamba huko Alabama, na picha hizo zikamletea sifa kubwa.

Hata hivyo hakuziacha kadi zake. Wengine waliziona kuwa takataka, lakini yeye aliona ndani yake kazi ya kweli. Mpiga picha wa kadi hakutafuta sifa. Alisimama barabarani au ufukoni, akaonyesha mahali kama palivyo. Picha za Evans mwenyewe zilikuwa vivyo hivyo, wazi na bila madoido.

Kadi hizo alizigawa katika mafungu: minara ya taa mbali, hoteli mbali, barabara mbali. Mwaka 1948 alitoa baadhi yake katika gazeti la Fortune, na mwaka 1964 alizionyesha katika hotuba yake kwenye Chuo Kikuu cha Yale. Wakati huo majengo mengi ya zamani yalikuwa yamekwisha bomolewa, na kadi zikabaki kuwa mashahidi.

Evans alifariki tarehe 10 Aprili, 1975. Kadi zake, zipatazo 9,000, zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York.

Basi wenzangu, ukiona nyumbani kadi ya zamani ya ziwa, ya soko au ya bandari, usiitupe. Waulize wazee ni mahali gani na mwaka gani, uandike nyuma yake kwa kalamu ya risasi. Mahali hubadilika, na wanaopakumbuka hawaishi milele.