Alfred Werner na Chumvi Zilizokataa Kuachana

Alfred Werner alizaliwa tarehe 12 Desemba 1866 katika mji wa Mulhouse, Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa kiwanda cha chuma. Alfred alikuwa bado mtoto mdogo vita vilipokuja, na mwaka 1871 mkoa wao wa Alsace ukachukuliwa na Ujerumani. Familia haikuhama; nchi ndiyo iliyowahama. Nyumbani waliendelea kusema Kifaransa, shuleni Alfred akasoma kwa Kijerumani. Watoto wengi wa shule yetu mnaijua hali hiyo bila kuelezwa. Alipokuwa mtu mzima, kazi zake nyingi aliziandika kwa Kijerumani.

Alikwenda kusoma kemia Zurich, Uswisi. Hesabu zilimsumbua kweli, jambo la kushangaza kwa mtu ambaye sifa yake yote ilikuja kutokana na maumbo. Mwaka 1890 alipata shahada ya udaktari.

Wakati huo wakemia walikuwa na kitendawili. Ili mkielewe, waulizeni bibi zenu kuhusu shabu, lile jiwe jeupe ambalo vinyozi hupaka shavuni baada ya kunyoa, na ambalo wazee walilitumia kutuliza maji ya tope. Ndani ya fuwele ya shabu mna chumvi mbili, salfeti ya potasiamu na salfeti ya aluminiamu, pamoja na maji. Ukiiyeyusha, kila mmoja hushika njia yake. Mkemia akiyapima maji hayo ataiona potasiamu, ataiona aluminiamu, ataiona salfeti, kana kwamba chumvi hizo zilitiwa moja moja. Hiyo huitwa chumvi maradufu. Ndoa yake ni ya kwenye fuwele tu. Ikiingia majini imekwisha.

Sasa tazameni pakiti ya chumvi ya mezani. Nyingine, hasa za Uingereza, zimeandikwa E535. Hicho ni kitu kinachotiwa kwa kiasi kidogo sana ili chumvi isigandamane. Ndani yake mna chuma kilichozungukwa na sianidi sita. Sianidi ikiwa peke yake ni sumu kali, lakini hapa imeshikwa na chuma kwa nguvu, na hata majini hawaachani. Ukitumia kipimo cha kawaida cha kutafuta chuma, hukioni. Kitu cha namna hiyo huitwa kompleksi.

Kwa nini shabu huachana na hii haiachani? Kwenye karatasi zote mbili zilionekana ni chumvi mbili zilizoungana, basi. Kilichowasumbua wakemia zaidi ni kloridi ya kobalti iliyochanganywa na amonia. Ikiwa na amonia sita ni ya manjano. Ukitia nitrati ya fedha, klorini zote tatu hutoka na kufanya mashapo meupe. Ikiwa na amonia tano ni ya zambarau, na hutoka mbili tu. Ikiwa na nne ni ya kijani, hutoka moja. Zile nyingine zimejificha wapi?

Bingwa wa chumvi hizo alikuwa Sophus Mads Jørgensen wa Copenhagen, mtu mwenye mikono makini kuliko wote wa zama zake. Yeye aliamini kwamba amonia hufuatana kama shanga kwenye uzi.

Inasimuliwa kwamba usiku mmoja Werner, akiwa na miaka 26, aliamka saa nane jibu likiwa kichwani. Akaandika mpaka saa kumi na moja jioni. Makala yake ilitoka mwaka 1893. Alisema kobalti hukaa katikati na kushika majirani sita: mmoja juu, mmoja chini, wanne pembeni. Amonia ikipungua, klorini huingia kujaza nafasi. Iliyoingia haitoki, iliyobaki nje ndiyo inayoachana majini kama chumvi yoyote. Akiwa na Mwitaliano Arturo Miolati, alipima jinsi umeme unavyopita katika maji ya chumvi hizo, na vipimo vikaafiki.

Lakini wengi hawakuridhika. Mpaka wakati ule karibu majaribio yote aliyoyategemea yalikuwa ya wengine, hasa ya Jørgensen mwenyewe! Tena nadharia yake ilidai kwamba ile ya amonia nne lazima iwe na pacha, kwa sababu klorini mbili zinaweza kukaa zikielekeana au zikipakana. Ya kijani ilijulikana. Pacha wake hakuwepo. Jørgensen aliuliza yuko wapi, na lilikuwa swali la haki. Werner alihangaika kwa miaka mingi. Mwaka 1907 akampata, na rangi yake ilikuwa urujuani. Jørgensen, mzee wa miaka 70, alikubali kwamba ameshindwa. Si wataalamu wengi wafanyao hivyo.

Mwaka 1911, pamoja na mwanafunzi wake Mmarekani Victor King, alitenganisha kompleksi za kobalti zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Wapinzani wakasema hiyo ni kazi ya kaboni iliyomo. Mwaka 1914 akatengeneza nyingine isiyo na kaboni hata chembe. Maabara yake Zurich ilipokea pia wasichana, wakati vyuo vingi viliwafungia mlango. Mmoja wao, Edith Humphrey wa London, alipata udaktari hapo mwaka 1901, na akaishi hadi miaka 102.

Mwalimu wake hakujaliwa umri huo. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1913, wa kwanza wa Uswisi kuipata kwa kemia, na muda mfupi baadaye ugonjwa wa kukakamaa mishipa ya damu ukaanza kumpokonya kazi. Alifariki Zurich tarehe 15 Novemba 1919, akiwa na miaka 52, na kuacha mke wake Emma na watoto wawili.