Albert Schweitzer: Daktari aliyeanzia kazi kwenye banda la kuku

Msikilizaji, leo tunaeleza maisha ya Dkt. Albert Schweitzer, mzungu aliyejitolea kutibu watu msituni Gabon, nchi ya Afrika ya Kati iliyo kando ya Bahari ya Atlantiki.

Schweitzer alizaliwa tarehe 14 Januari 1875 huko Alsace, jimbo lililokuwa chini ya Ujerumani wakati huo. Alipofika miaka 30 alikuwa tayari mwalimu wa chuo kikuu, mhubiri na mpiga kinanda mwenye sifa. Mwaka 1905 aliamua kuanza upya na kusomea udaktari, akijua kwamba Gabon walihitaji daktari. Wamisionari wa Paris walikuwa na wasiwasi na mafundisho yake ya dini. Wakakubaliana kwamba atatibu tu, hatahubiri, na gharama atajitegemea mwenyewe. Akachangisha kwa marafiki na kupiga kinanda kwenye matamasha.

Tarehe 16 Aprili 1913 aliwasili Lambaréné kwa mto Ogooué, pamoja na mkewe Helene, ambaye alisomea uuguzi. Nyumba ya hospitali waliyoahidiwa haikuwepo. Vibarua walikuwa wamekwenda kukata magogo, maana wafanyabiashara wa mbao walilipa vizuri zaidi. Lakini wagonjwa hawakungoja nyumba. Walifika kwa mitumbwi wakiwa na malaria, vidonda, ukoma na ngiri. Daktari akawa anatibia nje juani, na mvua ikinyesha wote wanakimbia. Mwishowe akachukua banda la kuku, akalisafisha, akapaka chokaa. Hiyo ndiyo ikawa hospitali.

Kulikuwa na shida nyingine: daktari hakujua lugha za pale. Hapo anaingia Joseph Azoawani, aliyefika kutibiwa akabaki kuwa mkalimani na msaidizi. Joseph aliwahi kuwa mpishi wa wazungu, na Kifaransa chake alikipata jikoni. Kwa hiyo mgonjwa wa mguu au kiuno alimweleza kwa daktari kwa majina ya vipande vya nyama, kama yanavyotajwa buchani. Daktari alielewa, na kazi ikaenda. Kwenye upasuaji, Helene alitoa dawa ya usingizi na Joseph alishika vifaa. Wagaloa, wenyeji wa hapo, walimwita daktari Oganga. Neno hilo sisi hatuhitaji kutafsiriwa: ni ndugu wa mganga.

Vita vya 1914 vilipoanza, Gabon ilikuwa koloni la Ufaransa na Schweitzer alihesabiwa Mjerumani, yaani adui. Akawekwa chini ya ulinzi, na mwaka 1917 yeye na Helene wakapelekwa kufungwa Ufaransa. Aliporudi 1924 alikuta majengo yameharibika. Akajenga tena, na mwaka 1927 akahamia eneo kubwa zaidi. Aliruhusu ndugu kukaa na mgonjwa na kumpikia, jambo ambalo sisi wa vijijini tunalielewa vizuri.

Alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1952, na fedha zake akazitumia kwenye kijiji cha wagonjwa wa ukoma.

Hata hivyo, sifa hizo zina upande wa pili. Schweitzer alimwona Mwafrika kama ndugu, lakini ndugu mdogo wa kuongozwa. Mwandishi Chinua Achebe wa Nigeria alimlaumu waziwazi kwa fikra hiyo. Wengine walisema hospitali yake ilibaki duni wakati dawa na vifaa vya kisasa vilikuwepo.

Sisi tunaona yote mawili ni kweli. Alitibu watu waliokuwa hawana daktari, na bado hakuwaona kuwa sawa naye. Tena kazi hiyo asingeiweza bila Joseph, mgonjwa aliyegeuka kuwa masikio na mdomo wa hospitali. Anayemtaja daktari amtaje na yeye.

Schweitzer alifariki Lambaréné tarehe 4 Septemba 1965 akiwa na miaka 90, akazikwa hapohapo karibu na mto. Hospitali hiyo inaendelea kutibu wagonjwa.