Aliyeipima bangi kwa wagonjwa wa baridi yabisi

KAPLONG, kwenye mashamba ya chai ya Bomet, mzee mwenye baridi yabisi akishauriwa kutumia bangi, na amkumbuke Dkt William Brooke O'Shaughnessy.

Alizaliwa Limerick, Ireland, mwaka 1809, akasomea udaktari Edinburgh, na mwaka 1833 akaenda India. Huko Calcutta aliijaribu bangi kwa wanyama, kisha kwa wagonjwa wa baridi yabisi. Wapo waliopata nafuu, lakini mmoja alikakamaa viungo. Alipotangaza matokeo mwaka 1839, hakuficha madhara hayo.

Baadaye alisimamia utandazaji wa nyaya za telegrafu India. Alifariki Uingereza mwaka 1889.

Nchini Kenya bangi imepigwa marufuku chini ya sheria ya mwaka 1994. Funzo la daktari huyo limebaki: dawa hupimwa, haiaminiwi kwa uvumi.