Lord Shaftesbury, Mtetezi wa Watoto wa Maskini

Anthony Ashley Cooper alizaliwa London mwaka 1801, katika ukoo wa makabaila wenye mashamba makubwa. Walakini nyumba ile haikumpa raha, maana baba yake alikuwa mkali na mama yake hakumjali. Aliyempenda ni Maria Millis, mtumishi wa nyumbani, aliyemfundisha kusali na kumsimulia habari za Biblia. Mtumishi huyo alikufa Anthony akiwa angali mtoto, akamwachia saa yake ya dhahabu. Naye akaivaa hata uzeeni.

Alipokuwa akisoma katika shule ya Harrow, siku moja aliona maiti ya maskini ikichukuliwa kwenda kuzikwa. Wachukuzi walikuwa wamelewa, wakiimba na kuyumbayumba, hata jeneza likawaponyoka likaanguka. Kijana akashikwa na uchungu kuona mtu akidharauliwa hata katika kufa kwake kwa sababu ya umaskini tu, akaazimu kuwatetea maskini maisha yake yote.

Mwaka 1826 aliingia katika Bunge la Uingereza. Siku zile mitambo ya kusokota na kufuma ilikuwa imeenea nchini, na wenye viwanda walipenda kuajiri watoto kwa kuwa ujira wao ulikuwa mdogo. Wengi walifanya kazi saa 12 na zaidi kwa siku, na mtoto aliyesinzia alipigwa. Mwaka 1833 Ashley alitaka sheria ya saa 10 tu. Serikali ikaikataa, ikatoa sheria nyingine iliyokataza watoto wa chini ya miaka 9 kuajiriwa katika viwanda vingi vya nguo, ikaweka na wakaguzi. Hayo hayakumtosheleza, akaanza tena.

Kisha akayageukia mashimo ya makaa ya mawe. Baraza la uchunguzi lilitoa taarifa mwaka 1842, yenye picha, na watu wakastaajabu. Huko chini walikuwako watoto wa miaka mitano na sita, walioketi peke yao gizani kutwa nzima kufungua na kufunga milango. Wakubwa wao walitambaa kwa mikono na miguu, wakivuta magari ya makaa kwa mnyororo uliofungwa kiunoni. Mwaka ule ule Bunge likakubali sheria ya Ashley: wanawake, wasichana, na wavulana wa chini ya miaka 10 wasifanye kazi chini ya ardhi.

Kazi hiyo ilimgharimu. Alikataa vyeo asije akafungwa mdomo, na baba yake akamkasirikia kwa kusema wazi juu ya taabu za wakulima wa wilaya yao. Tena mwaka 1846 alisadiki ya kuwa ushuru wa nafaka za kigeni ufutwe; na kwa kuwa waliomchagua walimtuma kuutetea, aliona si haki kukaa katika kiti chao, akajiuzulu. Basi sheria ya saa 10 kwa wanawake na vijana ilipokubaliwa mwaka 1847, ikichukuliwa na rafiki yake John Fielden, yeye hakuwamo Bungeni.

Baba yake alikufa mwaka 1851, naye akawa Lord Shaftesbury. Vita vyake vingine virefu vilikuwa juu ya watoto wa dohani. Wasafishaji wa dohani walitaka watoto wembamba wa kupanda ndani na kukwangua masizi. Wazazi wengine, kwa dhiki, waliwauza watoto wao kwa fedha kidogo, na watoto wengine waliibwa. Magoti na viwiko vyao vilisuguliwa kwa maji ya chumvi ili ngozi iwe ngumu, na wengine walikwama ndani wakafa. Sheria ilitungwa mwaka 1840, na nyingine mwaka 1864, lakini hazikufuatwa. Maana wenye nyumba kubwa, na hata mahakimu, hawakupenda kusumbuliwa, ingawa brashi ndefu za kufanyia kazi hiyo zilikuwapo. Mwaka 1875 mtoto mmoja alikufa katika dohani karibu na Cambridge. Shaftesbury, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70, alileta sheria ya tatu: kila msafishaji apate ruhusa ya polisi kila mwaka, na avunjaye sheria anyang'anywe. Hapo ndipo desturi ile mbaya ilipokoma.

Alisaidia pia shule za bure za watoto wenye matambara, akauongoza umoja wao tangu 1844 mpaka kufa kwake. Alikufa tarehe 1 Oktoba 1885. Siku ya ibada ya mazishi huko Westminster, maskini walijaa njiani kumwaga.

Hata leo wako watu wanaozijia nyumba za maskini na ahadi nzuri, wakawachukua watoto kwenda kuwatumikisha. Maisha ya Shaftesbury yafundisha kwamba sheria iliyoandikwa haimwokoi mtoto, mpaka awepo mtu wa kuangalia kwamba inafuatwa, asiyechoka akishindwa mara ya kwanza wala ya pili.