Louis Rwagasore na Watu wa Mwambao

Louis Rwagasore, mwana wa kwanza wa Mwami Mwambutsa wa Nne, alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari, 1932. Alisoma Astrida, katika Ruanda, kisha akaenda Antwerp, Ubelgiji, akarejea mwaka 1956. Kijana wa nasaba yake angaliweza kustarehe katika enzi ya baba yake. Yeye alichagua kushuka ziwani, kukaa na wachuuzi.

Zama hizo nchi ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji kwa amana ya Umoja wa Mataifa. Waislamu wa Usumbura, Rumonge na Nyanza-Lac, wengi wao wakiwa wazao wa watu wa misafara ya Ujiji au wenyeji waliosilimu, waliitwa Waswahili, na mara nyingi walitazamwa kama wageni. Mtaa wa Buyenzi, pale Usumbura, uliwekwa nje ya himaya ya machifu wa jadi. Watu hawa walivua ndagala, waliuza mawese, waliwasomesha watoto wao Kurani; lakini katika mashauri ya nchi hawakuulizwa neno.

Mwaka 1957 Rwagasore alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi. Alilelewa katika dini ya Kikatoliki, na bado Waislamu wa Buyenzi walikuwa miongoni mwa wasaidizi wake wa mwanzo. Ushirika ulilemewa na madeni, na serikali ikaubana. Hata hivyo mbegu ilikwisha kupandwa, kwani waliokutana kwa ajili ya bei ya bidhaa walianza kuulizana pia habari ya kodi: nani huipanga, na kwa idhini ya nani?

Kutoka hapo akawa nguzo ya chama cha UPRONA, akafanya urafiki na Julius Nyerere na chama cha TANU ng'ambo ya ziwa. Agosti 1960, katika mkutano wa Brussels, jamaa wa karibu wa Mwami walipigwa marufuku kushiriki siasa. Mwaka huo Rwagasore aliwataka watu wasusie maduka ya Wabelgiji na wasilipe kodi. Halikuwa jambo jepesi, maana mwenye kukataa kodi alijitia katika hatari ya kufungwa. Wito huo haukutaka panga wala mkuki. Ulimtaka kila mtu aamue mwenyewe, na hakuna aamuaye vema pasipo kutafakari na kujadiliana na mwenziwe. Hivyo siasa ikatoka katika mabaraza ya wakubwa, ikaingia sokoni.

Mwishoni mwa Oktoba 1960 serikali ilimweka kizuizini. Uchaguzi wa mabaraza ya komini ukafanywa yeye hayupo, na chama cha PDC kikaishinda UPRONA. Aliachiliwa Desemba. Wafuasi wake hawakukata tamaa wala hawakushika silaha. Tarehe 18 Septemba, 1961, katika uchaguzi uliosimamiwa na Umoja wa Mataifa, UPRONA ilipata viti 58 katika viti 64. Katika saa ya ushindi Rwagasore aliwasihi watu wake wasilipize kisasi, akawanyoshea mkono walioshindwa. Tarehe 28 Septemba akawa Waziri Mkuu.

Hakutimiza wiki tatu. Tarehe 13 Oktoba, 1961, alipigwa risasi na Mgiriki mmoja katika hoteli iliyo kando ya ziwa, Usumbura. Baadaye viongozi wa PDC walihukumiwa kwa kula njama hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 29. Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai, 1962, bila yeye.

Mwaka 1966 UPRONA ilifanywa chama pekee nchini, na mlango wa majadiliano, alioufungua marehemu, ukafungwa na chama chake mwenyewe. Vyama vingi havikurudi mpaka katiba ya mwaka 1992. Kaburi lake liko juu ya kilima cha Vugizo, linatazama ziwa. Lakini ukumbusho wake ulio bora ni kwamba mvuvi na mchuuzi, waliohesabiwa wageni katika nchi yao, waliwahi kuulizwa rai yao, wakaitoa bila kumwaga damu.